Mashine mbili mbovu za kufulia, moja irudi kazini: shajara ya siku 11

Mashine zote mbili zimetoka nyumba moja ya wageni Kigamboni. Ni za mlango wa mbele, muundo mmoja, kilo 7, kukamua mizunguko 1,200 kwa dakika, mota ya kaboni na mkanda. Zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika Ulaya, na kibati cha nyuma kinaonyesha zimetengenezwa mwaka 2014. Mashine A inafua, ila ikifika kukamua inaunguruma mpaka chumba cha jirani. Mashine B haiwaki kabisa, na imekaa miezi 14 uani chini ya bati. Swali la mwenye nyumba: zitengenezwe au anunue mpya?

Siku ya 1, Jumatatu. Kabla ya kushika bisibisi

Bei kwanza. Mashine mpya ya kilo 7 yenye mota isiyo na kaboni tumeikuta Kariakoo kwa Sh 1,150,000. Kikomo tulichoandikiana na mwenye nyumba ni Sh 400,000 kwa kila kitu: vipuri, usafiri na ufundi. Zikifika hapo na hakuna mashine iliyosimama, tunaacha. Kikomo kisipowekwa mapema, kazi ya namna hii hunyonya kidogo kidogo. Leo beringi, kesho mpira wa mlango, keshokutwa pampu, na mtu anashtuka amelipa nusu ya mashine mpya huku ya zamani bado inavuja.

Sharti la pili: hakuna kipuri kinachonunuliwa kabla ngoma haijatoka nje na kupimwa. Kosa tunaloliona mara nyingi ni fundi kusikia muungurumo, kukimbilia dukani kununua beringi mbili na sili (mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi), kisha kufungua na kukuta spaida imeliwa. Spaida ni kile chuma cha mikono mitatu kilichofungwa mgongoni mwa ngoma, ndicho kinachobeba shafti. Beringi ni bei ya chakula cha siku mbili. Spaida ikiwa mbovu hesabu yote inageuka.

Mwenye nyumba ameambiwa dukani kwamba mashine mpya itamlipa kwa kuokoa umeme. Tumempigia hesabu. Umeme mwingi wa kufua unakwenda kwenye kupasha maji. Lebo za Ulaya hupimwa kwa maji yanayoingia yakiwa nyuzi 15. Kupasha lita 12 kutoka 15 hadi 40 kunakula takriban uniti 0.35. Maji ya tangi la Kigamboni yanaingia yakiwa nyuzi 28, kwa hiyo safari ya kufika 40 ni uniti 0.17 tu. Pengo la umeme kati ya mashine mpya na ya zamani, kwetu huku kwenye joto, ni dogo kuliko lebo inavyoonyesha, na anayefua kwa maji yasiyopashwa karibu haoni tofauti. Sababu nzuri za kununua mpya zipo, ila hii si ya kuiweka mbele.

Vipimo vya A bila kufungua: tumeshika mdomo wa ngoma kwa ndani na kuinua. Ngoma peke yake inapanda milimita 4 kabla pipa la nje halijafuata. Ngoma nzima haitakiwi kucheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Anayepima asichanganye mchezo huu na ule wa pipa zima kuning'inia kwenye springi, huo ni wa kawaida. Angalia nafasi kati ya ngoma na mpira wa mlango: ikibadilika, beringi zimekwisha. Mgongoni, chini ya puli, kuna mchirizi wa kutu ya kahawia kama chai nzito. Huo ni ushahidi kwamba sili ilikwisha muda mrefu, maji yakaosha grisi, beringi zikaota kutu.

B tumeizungusha kwa mkono. Ngoma haichezi, lakini inakwaruza kama ina mchanga. Tumeandika "ya kuvunja, ilishe A". Huo ndio ulikuwa mpango wa siku ya kwanza.

Siku ya 2. Bodi ya B

Fyuzi imekatika. Varistor, kile kidonge cha bluu kwenye mlango wa umeme, imepasuka na kuacha masizi. Hii ndiyo sura ya umeme uliozidi, mara nyingi baada ya nyutro kukatika mtaani. Nyumba zilizokuwa zinapata volti 230 zinagawana volti 400 za fezi mbili, na kila kilichowashwa kinaungua.

Varistor na fyuzi ni vya bei ndogo, na bodi nyingi hufufuka hapo. Hii haikufufuka. IC, yaani chipu, ya kutengeneza umeme mdogo (LNK304) imepasuka tumbo, na laini ya volti 5 inasoma ohm 2 kwenda ardhini. Tumetoa vilivyo njiani kimoja kimoja: kapasita, kisha kirekebishi cha volti 5. Shoti imebaki, iko ndani ya ubongo wenyewe, yaani chipu kuu ya bodi. Ubongo huo una programu ya kiwandani, na kununua mtupu hakusaidii. Bodi ya B imekufa.

Tumelinganisha stika za bodi mbili kabla ya kufunga mfuniko. Namba ni zile zile hadi tarakimu ya mwisho. Iandike hiyo kila mara: mashine mbili zinaweza kufanana sura na jina, bodi zikawa na programu tofauti, na ukihamisha utapata ngoma inayokamua kwa kasi isiyo yake au mlango usiofunguka.

Siku ya 3 na ya 4. Kufungua

A na B zote mbili, kwa mpangilio huu:

Chomoa plagi, funga bomba, mwaga maji kupitia chujio la chini mbele. Toa mfuniko wa juu (skrubu mbili nyuma), droo ya sabuni, paneli ya vitufe. Piga picha kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa. Mpira wa mlango unashikwa na waya wenye springi ndogo: tafuta springi kwa kidole, ivute kwa bisibisi bapa, waya unatoka. Kisha uso wa mbele, kufuli la mlango, mabomba ya droo.

Mawe ya zege yatoke kabla ya kugusa springi. Jiwe la juu na la mbele kwa pamoja ni zaidi ya kilo 15, na pipa likitolewa nayo ndani linavunja mgongo wa mtu au miguu ya shokapu. Halafu mkanda, mota, waya za hita, bomba la pampu, bomba jembamba la hewa la kupima kimo cha maji. Shokapu chini, springi juu, pipa linatoka kwa watu wawili.

Bolti ya puli imefungwa kwa gundi ya nyuzi na hugoma. Usiipige spana kwa nguvu ikiwa baridi, kichwa kitaliwa. Tumeipasha kwa bunduki ya joto dakika mbili, tukazuia puli kwa kipande cha mbao, ikaachia. Baada ya puli kutoka, rudisha bolti hiyo mpaka ibaki nafasi ya milimita 5, ndipo upige kichwa chake kwa nyundo na kipande cha mbao katikati ili shafti itoke. Anayepiga shafti tupu anapanua mdomo wa nyuzi, na bolti haitaingia tena.

Mapipa haya yamefungwa kwa skrubu 18 kuzunguka. Tumeshukuru kwa hilo. Mapipa mengi ya sasa yameunganishwa kwa joto kiwandani, na kuyafungua ni kwa msumeno, kisha kutoboa matundu na kuyarudisha kwa skrubu na silikoni. Inawezekana, ila inaongeza siku nzima na hatari ya kuvuja.

Ngoma ya A haikutoka kwa kupiga. Beringi ya ndani imeganda kwenye shafti. Mafuta ya kulegeza usiku kucha, asubuhi mapigo kumi, ikatoka na ringi ya ndani ya beringi ikiwa imebaki shaftini. Ya B ilitoka kwa pigo la tatu.

Siku ya 5. Meza ya vipimo, mpango unageuka

Hii ndiyo siku iliyoamua kazi nzima, kwa hiyo tunaieleza kwa kirefu.

Spaida ya A imejaa unga mweupe mzito, kama chaki iliyolowa, hasa pale mikono inapokutana na kitovu. Tumekwangua kwa brashi ya waya na bisibisi butu. Chini ya unga, aluminiamu imekuwa mashimo mashimo. Ubavu wa mkono, ambao sehemu nzima una milimita 7, kwenye mkono mmoja umebaki 3.1. Kisa kinajulikana: aluminiamu imefungwa kwenye ngoma ya stenlesi, na katikati kuna maji ya chumvi. Hapo kuna betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Sabuni ya unga ina magadi, nayo inaila aluminiamu kwa upande wake. Dawa ya kung'arisha mashuka yenye klorini inamalizia. Nyumba ya wageni inavitumia vyote vitatu kila siku.

Kutafuta ufa tumetumia mafuta ya taa na chaki. Safisha mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri dakika 20, futa kwa kitambaa kikavu hadi kusibaki unyevu, kisha nyunyizia unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda taratibu na kulowesha chaki. Baada ya dakika kama tano, kwenye mkono ule wa milimita 3.1 ulijitokeza mstari mwembamba wa kijivu, urefu wa kucha ya kidole gumba, ukitoka kona ya kitovu. Kwa macho matupu haukuwepo.

Wapo wanaochomelea spaida. Sisi hapana. Aluminiamu ya kumimina iliyokunywa chumvi na sabuni miaka kumi haishiki vizuri, na hata ikishika, nguvu inayobebwa hapo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nusu kilo ya nguo iliyojikusanya upande mmoja, kwenye nusu kipenyo cha sentimita 24 na mizunguko 1,200, inavuta kama mzigo wa karibu kilo 190, na mwelekeo wa mvuto huo unageuka mara 20 kila sekunde. Mkono ukikatika katikati ya kukamua, ngoma inachana pipa, hita na wakati mwingine uso wa mbele.

Shafti ya A nayo imekwisha. Mahali pa beringi kubwa panatakiwa kuwa milimita 25. Maikromita imesoma 24.86: ringi ya ndani ilikuwa inazunguka juu ya shafti na kuisaga. Beringi mpya ingekaa legelege hapo, na ndani ya miezi michache muungurumo ungerudi.

B: spaida ina unga kidogo tu, mikono yote ni milimita 6.6 au zaidi, chaki imebaki kavu. Shafti inasoma 24.99. Ringi ya shaba ambayo midomo ya sili inatelezea juu yake haina mfereji. Tumepitisha kucha, haikwami. Ringi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa na mfereji, sili mpya itavuja wiki ya kwanza na lawama itapewa sili. B iliungua bodi mapema, haikufua sana, ndiyo maana viungo vyake ni vizima. Beringi zake ni mbovu kwa kukaa tu: maji yalibaki ndani, yakaota kutu mahali pamoja.

Kwa hiyo tumefuta mpango wa Jumatatu. Mwili unaorudi kazini ni wa B, na bodi ya A inahamia kwake. Mashine iliyofika ikiwa inafanya kazi ndiyo inayovunjwa. Mwenye nyumba alihitaji kuiona spaida kwa macho yake ndipo akakubali, na ana haki.

Vipimo vingine vya siku hii, kwa ufupi. Hita ya A: ohm 27.1, yaani karibu wati 1,950 kwa volti 230, na uzio wake kwenda ardhini, yaani jinsi inavyozuia umeme usivuje, kwa mega (mita ya kupima uzio) ya volti 500 ni megaohm 50. Hita ya B: ohm 26.6 lakini uzio ni 0.4 tu, imevuta unyevu. Hita kama hiyo mara nyingi hupona ikikaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ila kwa kuwa ya A ipo, tunatumia ya A. Kipima joto cha A: kiloohm 4.0 kwa nyuzi 29, kinashuka vizuri kikishikwa kwa mkono. Pampu zote mbili ohm 170, na ule mchezo wa robo mzunguko wa panga lake ni wa kawaida, si ubovu. Shokapu za B ni ngumu kuvuta, nzuri. Mpira wa mlango wa B umepasuka kwa jua, wa A ni mzima. Mota ya A ndiyo itakayotumika, maana ya B uzio wake ni mdogo na beringi zake zinalia.

Siku ya 6. Kununua

Beringi 6204 (20×47×14) upande wa puli na 6205 (25×52×15) upande wa ngoma, zote zenye alama 2RS, yaani mpira pande mbili. Zenye ZZ zina bati tu, nalo halizuii maji. Kiwandani ziliwekwa ZZ kwa kutegemea sili. Kwa maji ya Kigamboni tunaongeza kinga.

Beringi feki zimejaa. Tunayoangalia kaunta: maandishi yamechongwa au yamechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole chenye spiriti? Pande zote mbili zimeandikwa sawa? Ukiishika ringi ya ndani na kuzungusha ya nje, inateleza kimya na kusimama polepole, au inakimbia kama haina grisi? Tumerudisha jozi ya kwanza. Ya pili ilifaa: Sh 12,000 na Sh 15,000.

Sili inanunuliwa kwa namba iliyochapwa kwenye ile ya zamani: 30×52×10/12. Tundu 30, nje 52, kimo 10, na 12 ni kimo pamoja na mdomo wa juu. Tumeambiwa "chukua hii ya 30×52×10 ni ile ile". Si ile ile, mdomo wa ziada ndio unaofukuza maji. Iliyo sahihi ilipatikana duka la nne, Sh 25,000. Kaboni jozi Sh 15,000, silikoni isiyo na harufu ya siki Sh 12,000, grisi isiyooshwa na maji Sh 10,000, vibano vya mabomba na nyavu za valvu Sh 8,000.

Kwa faida ya anayenunua mashine za Ulaya: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Machi 1, 2021 inawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 tangu ya mwisho ya muundo huo iingie sokoni, na ngoma, spaida na beringi zimetajwa humo. Mashine za 2014 hazimo. Spaida mpya ya muundo huu hatukuipata Kariakoo nzima, na bila B tungeishia hapa.

Siku ya 7. Beringi ndani

Beringi mpya zimelala kwenye friza tangu jana usiku, ndani ya mfuko uliofungwa. Za zamani zinatolewa kwa tindo butu: kubwa inapigwa kutoka upande wa puli kwenda ndani, ndogo kutoka ndani kwenda nje. Piga ringi ya ndani, ndiyo inayofikika kutoka huko, zunguka pande nne, pigo moja moja, isije ikatoka kombo na kukwangua kiti. Sili inatoka kwanza kwa bisibisi.

Kiti tumekisafisha kwa kitambaa na msasa wa 400, kidogo tu, kuondoa kutu bila kula chuma. Kitovu cha pipa kimepashwa kwa maji yaliyochemka yaliyomwagwa juu ya kitambaa, kikafutwa kikauka. Beringi baridi kwenye kiti cha moto huingia nusu kwa mkono. Iliyobaki tumesukuma kwa beringi ya zamani iliyosagwa kidogo nje ili isinase, tukigonga ringi ya nje pekee. Ukigonga ringi ya ndani, gololi zinachimba vishimo kwenye njia yao na beringi inaanza maisha ikiwa na kelele. Sauti ya nyundo inakuambia: ikikaa chini inabadilika kutoka butu kuwa kali. Pigo moja baada ya hapo linatosha.

Kati ya midomo ya sili tumejaza grisi, sili imeingia sawa na ukingo. Ngoma imerudi, puli imefungwa kwa muda, tumezungusha: kimya, hakuna mchezo.

Mfereji wa pipa tumeusafisha mpaka plastiki ikaonekana, uzi wa silikoni wa milimita 4 bila kukatika popote, nusu mbili zikakutanishwa na skrubu 18 zikakazwa kwa kuruka, moja hapa na nyingine upande wa pili. Silikoni inayonuka siki hatuitumii, asidi yake inaamsha kutu.

Siku ya 8

Silikoni inakauka, saa 24. Hita ya A imelowekwa kwenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji ya moto. Gamba la chokaa la milimita 3 limeachia kwa dakika 40.

Siku ya 9. Kukusanya

Kaboni za zamani zilibaki milimita 9, tunabadilisha zikishuka chini ya 12. Pete ya shaba ya mota imesafishwa kwa msasa laini, vumbi likapulizwa kati ya vipande. Kaboni mpya zina uso bapa na hazikai vizuri mara moja, cheche kidogo zitaonekana mwanzo. Endesha mizunguko miwili bila nguo kabla ya kumpa mota mzigo.

Mkanda: ngoma ikizungushwa polepole kwa mkono, mkanda unajipanga wenyewe kwenye puli. Usiulazimishe kwa bisibisi, utakata mifereji.

Bomba jembamba la hewa limesafishwa pamoja na kikombe chake cha chini. Kilikuwa na uji wa sabuni. Kikiziba, bodi haijui kimo cha maji, na mashine itajaza kupita kiasi au itawasha hita kavu.

Bodi ya A imefutwa kwa spiriti na brashi laini. Kulikuwa na kinyesi cha mjusi juu ya triac ya mota, ile swichi ya kielektroniki inayoongoza kasi yake. Nafasi ya nyuma anapopenyea tumeifunga kwa wavu.

Siku ya 10. Majaribio

Kabla ya umeme: uzio wa mashine nzima kwenda ardhini ni megaohm 18. Sawa.

Maji yamejazwa mpaka juu ya hita, umeme umezimwa, tishu kavu imebandikwa chini ya kitovu na kuzunguka mshono. Saa tatu, tishu kavu yote. Tishu inaonyesha tone moja ambalo sakafu ingelificha.

Nyuzi 60 bila nguo: mita ya kubana imesoma ampea 8.1 kwenye volti 219, ndivyo inavyotakiwa kwa ohm 27. Kutoka 28 hadi 60 imechukua dakika 18. Hesabu ya maji matupu inatoa 15, zilizobaki ni za kupasha chuma na plastiki.

Kukamua: 600, 800, 1,000, kisha 1,200 na taulo kilo 3 zilizolowa. Glasi ya maji juu ya mfuniko imetikisika bila kumwagika.

Siku ya 11. Kigamboni

Bolti za safari hazikuwepo, kama kawaida ya mashine zilizotumika. Tumejaza sponji pande nne kati ya pipa na ukuta, mashine ikasafiri imesimama kwenye kirikuu. Kuisafirisha imelala bila kuzuia pipa ni kuvunja shokapu ulizotoka kuzipima.

Kufika kule, shida ilikuwa maji. Tangi liko mita 2 tu juu ya bomba, yaani presha ya bar 0.2, na valvu hii inataka 0.3 kwenda juu. Kujaza lita 12 kulichukua dakika 9, bodi ikatoa alama ya kukosa maji. Mwenye nyumba alikuwa akiyaona hayo kama ubovu wa mashine miaka yote. Nyavu mpya za valvu na bomba la nusu inchi badala ya lile jembamba limeshusha muda hadi dakika 5. Tangi litainuliwa mita moja na nusu wiki ijayo.

Mita ya chumvi imeonyesha maji ya kisima yana chumvi nyingi. Tumeelekeza bomba la maji ya DAWASA kwenye mashine kwa ajili ya mzunguko mmoja wa kusuuza bila nguo kila jioni, ili spaida isilale na chumvi. Mlango ubaki wazi usiku. Sabuni iwe ya mashine: ya kufulia kwa mkono inatoa povu ambalo pampu haiwezi kulisukuma na kipimo cha maji hakilielewi. Dawa ya klorini itumike kwenye beseni, si ndani ya ngoma. Kukamua kusizidi 800: mvuto wa nusu kilo ile unashuka kutoka karibu 190 hadi kama 85, na kwa upepo wa Kigamboni mashuka yanakauka tu.

Kifaa cha kukata umeme ukizidi au kupungua, Sh 55,000, kimefungwa ukutani na kinasubiri dakika tatu kabla ya kurudisha umeme.

Jumla: vipuri na vifaa Sh 97,000, kinga ya umeme Sh 55,000, usafiri kwenda na kurudi Sh 60,000, ufundi Sh 120,000. Sh 332,000.

Nafasi ya mashine ya pili itajazwa na mpya, na hapo hatuna ubishi. Bila spaida, shafti wala bodi, hakuna cha kutengeneza. Tumemwandikia mwenye nyumba vya kuuliza dukani: pipa limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa, presha ndogo kabisa ya maji ni ngapi, beringi na sili zina namba gani na zinapatikana hapa, dhamana inafanyiwa kazi Dar es Salaam au ni karatasi tu. Na bolti za safari za hiyo mpya azifungie kwenye mfuko nyuma ya mashine yenyewe.

Vilivyobaki rafuni kwa ajili ya mashine iliyorudi: pampu moja, valvu moja, kufuli la mlango, hita ya B (imekaushwa, uzio sasa megaohm 22), seti ya shokapu za A na kaboni za zamani za B zenye milimita 24. Ngoma ya A na spaida yake vimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma.